Mechi Niliyoshinda Nikiwa Matangani

Siku ya pili ya matanga ya shangazi yangu, mchana, nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, simu ilitikisika mfukoni. Nilijua ni nini. Kila siku ya mechi, saa saba na nusu, ligi hutuma ujumbe kwamba matokeo yametoka. Wamama wa kanisa walikuwa wanaimba kwa Kirundi, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake wa pekee wa kupokea mikono ya watu, ingawa alinilea tu, hakunizaa. Katikati ya wimbo nilijiuliza kama nimeshinda. Halafu nikajiuliza ni mtu wa namna gani anayejiuliza jambo kama hilo kwenye mkeka kama ule. Halafu nikaitoa simu.

Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimeshinda kiasi cha kuchekesha.

Inabidi nieleze ligi yenyewe, kwa sababu hata hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, ni wawili tu tuliokuwa tunaijua. Ni ligi ya kriketi. Kriketi ni mchezo wa mpira mdogo mgumu na ubao: timu moja inarusha, nyingine inapiga na kukimbia, na mpigaji akikosea anatolewa. Wakitolewa kumi, zamu yao imekwisha, na wenye mikimbio mingi ndio washindi. Mimi mpira huo sijawahi kuushika. Niliuona kwenye televisheni ya duka moja la jumla pale Old Town, Lilongwe, nilikokuwa naandika mizigo inayoingia na kutoka, kabla sisi wakimbizi hatujatakiwa kurudi kambini. Mwenye duka ni Mhindi aliyezaliwa Lilongwe, anayezungumza Kichewa kunizidi mara kumi. Ndiye aliyenionyesha kwamba kuna ligi mtandaoni ambayo kila mtu ana timu yake ya wachezaji wasiokuwepo duniani. Unapanga nani atangulie kupiga na nani arushe lini, unatuma, unaondoka. Saa ikifika, kompyuta mahali fulani inaicheza mechi yenyewe na kukuandikia kilichotokea, mpira baada ya mpira, kana kwamba kulikuwa na uwanja, jua na watu.

Nilijiunga ili nijue udanganyifu uko wapi. Nina shahada niliyoisomea kwenye kompyuta humu humu kambini, kutoka chuo ambacho sijawahi kuona mlango wake, na tangu niipate nina ugonjwa wa kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Nilijaribu mpangilio uleule kwa mpinzani yuleyule. Wiki moja nilishinda, wiki nyingine nilipigwa vibaya. Niliuliza kwenye ukurasa wa mjadala ni hesabu gani inayoamua, na wachezaji wenzangu, watu wa nchi za mbali ambao sijui hata sura zao, walinicheka kwa upole. Mmoja aliandika kwamba amecheza miaka mingi na bado hajui. Mwingine alinishauri niwape wachezaji wangu chai.

Yaya hakuuliza hata siku moja. Yaya ni neno la watu wa Bukavu la kumwita ndugu mkubwa, na ndivyo nilivyomwita jirani yangu, fundi wa nguo, ingawa mimi ni Mrundi na hatuna damu moja. Aliniona nasoma matokeo mbele ya kibanda chake cha kushonea, akataka nimsomee. Nikamsomea. Kesho yake alitaka timu yake. Nilimfungulia kwenye simu yangu, kwa sababu yake ilikuwa ya vibonye tu. Siku za mechi alikuwa anakuja, mimi natoka kwenye jina langu, yeye anaingia kwa jina lake, anapanga watu wake, kisha ananirudishia. Hapa hakuna anayeona ajabu katika hilo. Simu moja watoto wanasomea, watu wanapigia Bujumbura, na inapokea ujumbe wa nyumba tatu.

Aliwaandika wachezaji wake kwenye daftari lake la vipimo. Ukurasa huu kulikuwa na mabega na kiuno cha mama fulani, ukurasa unaofuata mrushaji wake wa kasi, umri wake na siku aliyong'ara. Katika ligi hiyo wachezaji wanazeeka, miaka mitatu kila msimu. Mmoja alimpata akiwa na miaka kumi na sita, na baada ya misimu saba alikuwa anakaribia kustaafu. Yaya alimzungumzia kama mtu wa kanisani kwake.

"Vitu vyangu vyote vilibakia kule," aliniambia siku moja, akitia uzi kwenye sindano. "Vingine vilipotea njiani. Hii équipe mi njo nilianzia hapa."

Équipe ni timu, kwa Kifaransa cha kwao, nami nikajiuliza kama kitu ambacho hakipo kinaweza kuanzia mahali popote.

Basi siku ile ya matanga mpinzani wangu alikuwa yeye. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Yeye alikuwa katikati ya msimamo, hana cha kupata wala cha kupoteza. Mimi nilikuwa wa tatu, na wawili tu ndio wanaopanda daraja. Nilihitaji ushindi, na sikuutegemea, kwani warushaji wake walikuwa wamenipiga mara zote mbili zilizotangulia. Mpangilio wangu niliutuma kabla shangazi hajafariki; Yaya alipanga wake asubuhi ile, kwa simu niliyomwachia bila kuangalia. Kumbe timu yake ilikuwa imetolewa yote kwa mikimbio thelathini na moja, na wapigaji wangu wawili wa kwanza waliipita idadi hiyo bila hata mmoja wao kutolewa. Nilisoma tena. Warushaji wake wale wa kasi hawakuwepo. Waliocheza walikuwa vijana kumi na mmoja wa akiba, ambao kazi yao ni kufanya mazoezi, na waliotangulia kupiga ni wale wasiojua kupiga kabisa.

Yaya mwenyewe alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, kwenye benchi la wanaume, kofia mikononi. Aliona nimeshika simu. Akageuza macho.

Siku ya nne, watu walipopungua, nilienda kibandani kwake. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa. Hapo mtaani kwetu, kukiwa na kilio, fundi aliye jirani hashoni mpaka siku tatu zipite baada ya maziko, hata kama mteja analia mlangoni. Wengine wanasema ni heshima, wengine wanasema ni kwa sababu sauti ya mashine inasikika kama mtu anayeendelea na maisha yake. Nilimuuliza kilichotokea kwenye mechi.

"Nilifunga mashine," alisema. "Équipe nayo nikafunga."

Nilimwambia kwamba hakufunga. Kama angefunga, yaani kama angeacha bila kugusa, ligi ingewachezesha watu walewale wa wiki iliyopita.

"Njo maana niligusa. Ningeacha, bale banaume bangekupiga. Na we unakaa chini, unalilia mama. Mi nipige mutu mwenye iko chini?"

Nikamwambia ni mchezo tu, hata wachezaji hawapo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesoma sana.

"Wachezaji habapo," alisema. "Lakini we uko."

Sikujua nishukuru au nikasirike. Nilikuwa nimepanda daraja kwa zawadi ambayo sikuiomba, na aliyenipa aliona ni jambo dogo kama kuleta kuni. Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno mengi ya kumjibu, na kila moja nililoligeuza upande wa pili lilikuwa linamtetea yeye.

Kwenye ukurasa wa mjadala mambo hayakuwa ya upole tena. Kila baada ya mechi watu huzungumzia matokeo: nani alikosea mpangilio, nani ana bahati ya wizi, nani anunue miwani. Safari hii walikuwa na matokeo yetu tu. Mmoja alisema mechi kama ile hajaiona, labda wapigaji wa timu ile walipewa fagio badala ya ubao. Mwingine alijibu kwamba hata fagio lingepata mikimbio hamsini. Waliendelea hivyo ukurasa mzima, na nikiri kwamba nilicheka mara mbili. Halafu akaandika yule aliyekuwa wa pili kabla ya siku hiyo, ambaye wenzake walikuwa wamekwisha kumpongeza kwa kupanda. Hakutania. Alisema nafasi yake imeibwa. Alisema ligi huonyesha kila timu inaingilia wapi, na hizi mbili zinaingia kutoka simu moja na mtandao mmoja, na kwamba amesoma ujumbe wote ambao timu hizo zimewahi kuandika, na Kiingereza chao ni kimoja, hata makosa ni yaleyale. Kwa hiyo ni mtu mmoja mwenye timu mbili, na moja imejilaza ili nyingine ipite.

Niliposoma hayo nilitamani kumpongeza. Ningekuwa mimi, ningehitimisha vilevile. Simu ilikuwa moja kweli. Mtandao ulikuwa mmoja kweli. Kiingereza kilikuwa kimoja kwa sababu Yaya hajui Kiingereza, na kila alichotaka kuwaambia watu wale nilikiandika mimi. Na timu ilijilaza kweli. Kila ushahidi ulikuwa sahihi, na jumla yake haikuwa kweli. Nilizoea kudhani kwamba mambo ya namna hiyo hayawezekani.

Msimamizi wa ligi alituandikia siku hiyohiyo. Sheria ni mtu mmoja, timu moja. Tukishindwa kuonyesha kwamba sisi ni wawili ndani ya wiki, timu iliyofunguliwa baadaye itafutwa, pamoja na historia yake yote. Iliyofunguliwa baadaye ni ya Yaya.

Nilimsomea ujumbe huo taratibu, nikiutafsiri. Alikuwa ameanza tena kushona. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio, na hakuuliza swali ila moja: kama yule mchezaji wake mzee naye atafutwa. Nilisema ndiyo, wote. Akavuta daftari lake karibu, akaliweka chini ya kitambaa alichokuwa anashona, kana kwamba watakuja kulichukua.

Tulivyo sisi wa kambi, jambo la kwanza tulilofikiria ni karatasi. Yaya alitoa kadi yake ya mgao na cheti cha ukimbizi, akataka nivipige picha. Msimamizi alijibu kwamba ligi haipokei vitambulisho vya mtu yeyote. Yaya alichanganyikiwa kabisa. Miaka yote hapa ameonyesha karatasi kwa kila aliyemuuliza yeye ni nani, na leo amepata wa kwanza asiyezitaka. Msimamizi alipendekeza kitu kingine: siku ya Alhamisi, saa nane mchana kwetu, kila mmoja aingie kutoka simu yake na mahali pake, naye atatuuliza maswali wote wawili kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye dirisha lake.

Hapo ndipo tulipogombana, maana swali kubwa lilijulikana tayari. Kwa nini timu ile? Nilimwambia tuseme mtandao ulikatika, akabonyeza vibaya. Ni sababu wanayoielewa, kila mmoja wao imewahi kumkuta. Tukisema ni matanga, yule aliyepoteza nafasi atasema tumekiri wenyewe, tena kwa hadithi ya kuhurumiwa. Yaya alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama ya mutu anakufa, unasema réseau?"

Nilimwambia uongo wa mtandao siyo kuhusu shangazi, ni kuhusu timu yake. Nilimwambia nataka kuiokoa. Nilizungumza kwa muda mrefu, nikiwa na hoja nzuri, na mwishoni alisema sawa. Niliamini sawa ile. Leo najua kwamba kwa watu wa umri wake sawa inaweza kuwa njia ya kumnyamazisha mtu bila kumvunjia heshima, lakini shahada yangu haikuwa na somo hilo.

Alhamisi nilipata karatasi ya ruhusa ya kutoka, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabarani, na kufikia saa sita nilikuwa Old Town. Yule mwenye duka alinipa kona nyuma ya magunia ya sukari. Nilipomweleza shida yangu alicheka hadi akatoa miwani, kisha akaacha kucheka. Alisema kwamba katika kriketi ya kweli mtu aliyejilaza makusudi anafungiwa, na hakuna anayeuliza nyumbani kwake kuna nini. Nikamuuliza kama yeye hufungua duka akifiwa na jirani. Alisema hafungui. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akafikiri, akamhudumia mteja, akarudi na kusema hajui, ila ipo.

Yaya alibaki Dzaleka na simu mpya ya binti yake. Saa nane ilipofika swali la kwanza lilikuja: timu yako unaipenda kwa nini. Niliandika mistari minne kuhusu hesabu na nasibu. La pili lilikuwa mrushaji gani ni bora katika timu yako. La tatu ndilo lile. Niliandika kwa Kiingereza changu safi kwamba mwenzangu alikatikiwa mtandao wakati anapanga, akatuma orodha isiyo yake, nami naomba asiadhibiwe kwa hitilafu ya mitambo. Nikabonyeza. Sukari iliyomwagika ilikuwa inanishika kwenye viwiko.

Baada ya nusu saa msimamizi alibandika majibu yetu yote kwenye ukurasa wa mjadala, langu juu, la Yaya chini. Binti yake alimtafsiria maswali tu; jibu Yaya aliliandika mwenyewe kwa Kifaransa, na makosa yake hayakuwa yangu. Nililisoma nikiwa nimesimama. Alisema mdogo wake amefiwa na mama aliyemlea. Alisema kwao, jirani akifiwa, mtu anafunga kazi, na yeye alifunga mashine ya kushonea na akafunga timu pia, kwa makusudi, na mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo. Alisema anamwomba radhi yule bwana aliyepoteza nafasi, kwa kuwa yeye hakujua habari zake, ila kwa mdogo wake haombi radhi. Mwisho aliongeza kwamba kama lazima timu ifutwe, waifute, lakini wampe siku moja amalize kunakili umri wa wachezaji.

Nilikaa juu ya gunia. Nilikuwa nimeonekana mwongo mbele ya watu mia kadhaa, na timu ya Yaya, kwa hesabu yangu, ilikuwa imekufa.

Uamuzi ulikuja kabla sijaondoka Old Town. Msimamizi aliandika kwamba amesoma majibu mara nyingi. Mtu mmoja mwenye timu mbili, alisema, angehakikisha majibu yake yanaafikiana. Haya yanapingana katika jambo lenyewe linalowaweka hatarini, na lugha zake ni mbili. Kwa hiyo anaamini sisi ni watu wawili, na timu haitafutwa. Mechi imefutwa. Nafasi ya kupanda amerudishiwa yule aliyelalamika. Timu ya Yaya imekatwa pointi kwa kutochezesha watu wake bora. Yangu imekatwa pointi kwa maelezo yasiyo ya kweli. Chini yake watu walianza kuandika. Mmoja alitoa pole kwa msiba. Yule aliyelalamika aliandika neno moja tu, asante, na sikujua anamshukuru nani.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi, na miezi tangu hapo. Kama ningesema ukweli kama Yaya, majibu yetu yangefanana, na pengine tungehesabiwa mtu mmoja. Kama naye angedanganya kama mimi, vilevile. Uongo wangu ulisaidia kwa sababu tu yeye aliukataa. Nikijaribu kutoa funzo hapo, linateleza. Siwezi kusema uongo ni mzuri. Siwezi kusema ukweli peke yake ulitosha. Mwenye duka wa Old Town anasema ni bahati, lakini yeye anaita bahati kila asichokijua.

Nilipofika, Yaya alikuwa amekwisha kuambiwa na binti yake. Nilijiandaa kuomba msamaha. Aliniuliza kama nimekula nsima, ugali wa huku, mjini, kisha akasema, bila kuinua macho kwenye pindo la sketi, "Uliandika réseau."

Nikasema ndiyo.

"Mi nilijua utaandika. We ukishaanza kufikiri haurudi nyuma." Akakata uzi kwa meno. "Lakini ulienda mpaka Lilongwe juu ya équipe yangu. Hiyo nayo nimeona."

Msimu mpya ulipoanza tulijikuta daraja lilelile, naye sasa anacheza kwa simu ya binti yake. Mechi yetu ya kwanza iliangukia wiki ya tatu. Jioni moja kabla ya hapo alipita nyumbani kwangu, akasimama mlangoni asiingie, mikono nyuma. Kanisani walikuwa wamekwisha kufanya ibada ya kuondoa matanga, na yeye alikuwepo, alikaa safu ya mbele. Hata hivyo aliuliza.

"Mudogo yangu, kilio iliisha?"

Nilijua anauliza ili ajue apange watu gani. Nilijua pia kwamba nikisema bado, ataendelea kuwaweka vijana wa akiba mpaka nimwambie, hata kama watamkata pointi zote. Nilitaka kumjibu sawasawa, nikatafuta, na nilichokikuta ndani sikujua kama ni kilio au ni mazoea ya nyumba kuwa kimya. Mtu anajuaje? Nikamwambia imeisha.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Siku ya mechi, saa saba na nusu, simu ilitikisika. Warushaji wake wa kasi walikuwepo wote wawili, na yule mzee wake alipiga kama kijana. Alinishinda kwa mikimbio themanini na tisa. Nilisoma kila mpira, taratibu, kama alivyokuwa anapenda nimsomee, huku nikisikia mashine yake inakwenda upande wa pili wa ukuta, kama mtu anayeendelea na maisha yake.